Mashua iliyokunywa esansi bila kutembea

Miaka ile ya sitini, barabara ya kushuka Walikale ilikuwa inakatika kila mvua, njo maana patroni wangu akanunua mashua. Alikuwa mufanyabiashara wa upande wa Butembo, Mukatoliki wa kufanya alama ya musalaba hata akifungua pipa la mafuta. Mimi niko muntu wa Nyabiondo. Kazi yangu ilikuwa kupokea maharagi yaliyotoka kwetu Masisi na kuyauza mu depo yake, kando ya mto Lowa. Nilisoma kidogo tu, na mambo ya moteri nayajua kwa kusikia. Fundi akisoma haya anaweza kucheka, na atakuwa na haki.

Mashua hiyo haikuwa na panka nje kama zingine. Panka yake, kile chuma kinachozunguka na kusukuma maji, ilifichwa tumboni. Ilivuta maji kupitia tundu la chini, lililowekewa vyuma vya kuzuia mawe, ikayatema nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo iliweza kupita mahali ambapo mawe yako karibu na uso wa maji. Muzungu aliyeiuza alimwambia dereva kwamba maji yakikosa kuingia vizuri, panka itazunguka ndani ya povu: moteri italia sana, lakini mashua haitasukumwa. Dereva alitueleza. Tulimusikiliza namna watu wanasikiliza mahubiri, kila muntu na mawazo yake.

Dereva mwenyewe alikuwa kijana wa Buleusa, muntu wa mizaha, na bibi na watoto wake walikaa mu nyumba ya patroni nyuma ya depo. Kwa miezi ya kwanza kila kitu kilienda vizuri. Halafu ugonjwa ukaanza. Moteri inapiga kelele mupaka ng'ambo ya mto, mashua inatetemeka palepale kama muntu mwenye homa, na esansi, mafuta ya moteri, inaisha kabla ya safari kuisha.

Patroni hakuona povu. Aliona pipa tupu. Aliniita pembeni akasema esansi inauzwa huko chini, mu vijiji, na kelele ya moteri ni mchezo wa kumudanganya. Akanituma nisafiri na dereva, nimwangalie. Kama ningekuta ni mwizi, angefukuzwa yeye na jamaa yake mu nyumba ile, na wafanyabiashara wote wa njia ile wangeambiwa sababu. Baada ya hapo nani angemupa kazi?

Patroni akaamuru tena jambo lingine. Zamani mashua ilifungwa mbali kidogo, kwenye maji marefu, nyuma ya jiwe kubwa. Akasema pale ni mahali pa wezi. Ifungwe mbele ya depo, kwenye maji mafupi, mahali mama wanaloweka mihogo, ili macho ya watu wote yailinde.

Dereva alijua mara moja kazi yangu. Asubuhi ya kwanza nilipoingia mu mashua alinisafishia mahali pa kukaa kwa kofia yake.

"Karibu, Papa Komisere wa polisi. Ukisikia harufu ya esansi, andika. Ukisikia ya jasho, hiyo ni yangu."

Nilicheka, lakini nilimwangalia. Nilimwangalia akimimina, akifunga, akisalimia watu ku bandari za vijiji. Muntu akimwita kwa jina nilijiuliza ni muteja gani. Akinyamaza, nilisema moyoni anaficha. Sasa naona hakuna kitu angeweza kufanya ambacho kingenifurahisha. Na ugonjwa ukazidi. Tangu mashua ihamie mbele ya depo, hakukuwa na asubuhi moja ambayo moteri haikulia.

Siku moja, katikati ya mto, alizima moteri, akafungua kifuniko cha nyuma na kuingiza mukono mupaka bega. Alipoutoa, ngumi ilikuwa imefungwa. Akaona ninaangalia, akaipeleka upande wa pili na kuiosha mu maji. Nilimuuliza ametoa nini. Akasema hakuna kitu. Siku hiyo nilikuwa na hakika yangu. Muntu mwema anaficha nini mu ngumi?

Safari iliyofuata alifanya vilevile, lakini mara hii hakuosha mukono. Alikuja akakaa mbele yangu na kuufungua.

"Kaka, tuko wawili tu hapa. Niambie kweli. Ni wewe njo unaniwekea hii?"

Mu kiganja kulikuwa na nyuzi nyeupe, laini, zimejisokota kama kamba, pamoja na kipande cha ganda. Harufu yake ilikuwa ya muhogo uliokaa mu maji mupaka ukaoza vizuri. Kumbe yeye naye alikuwa ananiangalia na kunishuku, njo maana alificha ngumi. Akanihesabia sababu zake: ninalala mu depo, mulango wangu unatazama mashua, patroni ananisikiliza, na shemeji yangu anatafuta kazi. Hiyo ya shemeji ilikuwa kweli.

Nikamwambia kama ningetaka kumuharibia ningetafuta kitu kisichonuka. Hakucheka. Lakini tuliporudi tulienda pamoja kumuuliza mama mumoja aliyekuwa anamenya mihogo yake pale mbele ya depo, maana sasa wote wawili tulimushuku yeye. Hakungoja tumalize.

"Ninyi njo mulikuja kufunga chuma yenu mu muhogo wetu! Leo asubuhi imemeza nusu ya kitunga changu cha mihogo. Nilifikiri dereva anaiba ya kupeleka kwa bibi yake. Mutanilipa lini?"

Hapo tulielewa: mashua ilikunywa maji palepale mama walipomenyea mihogo. Kila asubuhi tulipowasha moteri, nyuzi na maganda viliingia kupitia vile vyuma vya chini na kujifunga ku panka, na maji yakakosa njia.

Patroni hakukubali maneno. Basi tukamufanyia mbele ya macho yake. Tulisafisha panka, tukasukuma mashua kwa upondo, ule muti mrefu, mupaka maji marefu, tukawasha: ikaruka karibu kama zamani, akashika kiti kwa mikono miwili. Tukarudi mbele ya depo, tukawasha pale: haikuchukua muda, ikaanza kulia. Niliomba turudie yote, maana mara moja inaweza kudanganya. Ikawa vilevile.

Hapo dereva angeweza kunyamaza. Lakini patroni aliuliza kwa nini ugonjwa ulianza mashua ikiwa bado kule nyuma ya jiwe, na dereva akasema aliwahi kuwasha kwenye muchanga mu kijiji kimoja, panka ikala changarawe, kingo zake zikamegeka, na tangu siku ile haikushika maji vizuri. Alikuwa ameogopa kusema.

Patroni akanigeukia. "Wewe ulikuwa ndani. Aliuza esansi yangu ao hapana?"

Dereva alikuwa ananiangalia. Bibi yake alikuwa amesimama ku mulango wa depo na mutoto mugongoni. Neno moja, hapana, lilitosha, na nilitamani kulisema. Lakini hapo mwanzo, kabla sijatumwa, sikuwa mu mashua, na hata baada ya kutumwa kuna siku nilisinzia.

"Sikumuona akiuza, Patroni. Kwa siku ambazo sikuwa naye, siwezi kuapa."

Patroni akasema dereva abaki mu kazi na mu nyumba, mashua irudi ku jiwe, na mimi niendelee kusafiri naye.

Tulisafiri hivyo mupaka patroni alipouza mashua. Kila asubuhi tuliisukuma kwa upondo, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa muntu wa adabu, alinigawia chakula chake na aliniuliza habari za kwetu. Lakini Komisere hakuniita tena, na mbele yangu alipima esansi kwa fimbo, akanionyesha alama, akangoja nikubali kwa kichwa kabla ya kufunga kifuniko.