Kadi Niliyochukua kwa Ajili ya Maji

Watu wakiniuliza kwa nini niliingia chama, huwa nawajibu haraka: maendeleo. Neno zuri hilo, ukilisema hakuna anayekuuliza tena. Ukweli ni kwamba niliingia kwa sababu ya vitunguu. Vyama vyenyewe sitavitaja, maana kosa ninalotaka kulisema halikuwa la chama. Lilikuwa langu mimi na mdomo wangu huu, ambao tangu nizaliwe haujui kunyamaza, ila siku moja tu, siku ambayo ulitakiwa useme.

Kwetu ni Endamarariek, kwa watu wa mahindi na mbaazi. Nilishuka Mang'ola baada ya kuona wenzangu wanarudi kila msimu na mabati mapya, nikakodi ekari moja kando ya mfereji. Kule bondeni hatusubiri mvua. Kuna chemchemi, kuna mfereji, na kuna zamu. Uwe na mbegu nzuri, uwe na mbolea, uwe na vibarua wenye mikono myepesi, zamu yako ikirukwa mara mbili wakati kitunguu kinaanza kutunga, umekwisha.

Na zamu zetu hazikuwa na karatasi wala mhuri. Kila msimu, miche ikishakaa ardhini, tulikutana ukingoni mwa mfereji, msimamizi akitaja shamba moja moja. Akilitaja lako, jirani wa juu yako anasema kwa sauti, "Namtambua." Basi, yameisha. Anayekutambua ni yule anayekupitishia maji, kwa sababu ndiye anayejua kama kweli ulilima pale mwaka uliopita. Akinyamaza, unapelekwa mkiani, mwisho wa mfereji, ambako maji yakifika ni ya kulowesha vidole.

Jirani yangu wa chini alikuwa mwanamke wa Singida, nimemzidi miaka kama kumi. Alikuja Mang'ola na mume wake kama vibarua, wakapalilia mashamba ya watu mpaka wakaweza kukodi la kwao. Alikuwa akiniita dada, na mimi nikimwita mdogo wangu. Maji yakija tulifanya kazi pamoja, mimi nafungua, yeye anaziba kwa tope na magunia, tunamaliza majaruba yangu tunahamia yake. Nilimtania kwamba anaongea na jembe kuliko na watu. Yeye akasema sisi Wairaqw tukishuka bondeni tunatembea kama bado tunatafuta mlima.

Mume wake alifariki nikiwa Endamarariek kwa mavuno. Habari ilinifikia kaburi limeshafunikwa. Nilipofika akaniambia kwamba watu wa chama fulani ndio waliochimba, wakachota maji, wakalala pale msibani siku tatu. Wiki iliyofuata alichukua kadi yao. "Dada, sera zao sizijui," aliniambia. "Lakini walikuja." Mimi sikuwepo.

Kadi yangu mimi ilikuja kwa njia tofauti. Msimamizi wa mfereji alikuwa kiongozi wa chama kingine pale kijijini. Siku moja zamu yangu ilirukwa, nikamfuata kwa hasira zangu zote, nikapiga kelele mpaka wachuuzi wakasimamisha baiskeli. Alinisikiliza kwa upole, tena alinipa kigoda. Halafu akasema, "Mama, tatizo wewe hatukuoni kwenye vikao vyetu." Keshokutwa yake nilikuwa Karatu napiga picha ya kadi. Kwenye picha ile nimenuna kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Jirani yangu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Dada! Umeolewa tena bila kutualika?"

Tangu hapo nikawa na ugonjwa wa kuwauliza watu kwa nini waliingia. Kaka yangu, anayeendesha gari la watalii kwenda Ngorongoro, aliingia kwa sababu mwenye gari aliingia. Mfugaji mmoja wa Arash, niliyekaa naye kwenye foleni hospitalini, aliniambia rika lao liliingia lote siku moja. "Ningebaki nje, ningekaa na nani?" Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Hakuna hata mmoja aliyenitajia ilani.

Msimu ule uchaguzi wa kijiji ulikuwa unakaribia, na watu waliosalimiana miaka yote walianza kusalimiana kwa macho. Siku moja kabla ya kikao cha zamu, msimamizi alisimamisha pikipiki shambani kwangu. Akasifu miche yangu. Akauliza hali ya nyumbani. Kisha akasema, "Kesho, mama, kuna watu usiwe na haraka ya kuwatambua." Hakutaja jina. Sikumwuliza, na hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu kama ningeuliza angelazimika kusema, na akishasema ningelazimika kukasirika.

Jioni ile jirani yangu alikuja na mboga, tukala pamoja. Akaniambia mwaka huu Mungu akijalia atapeleka kijana wake wa kwanza sekondari ya bweni. Akaniambia miche yake yote imeshika, haijafa hata mmoja. Nilimjibu vizuri, nikamwongezea ugali. Nilikuwa na jioni nzima, jamani. Jioni nzima, na tumekaa mkeka mmoja, na neno halikutoka.

Kesho yake kikao kilikwenda haraka. Mashamba ya juu yakasomwa, watu wakatambuana. Likafika langu, nikatambuliwa. Likafika lake. "Jirani wa juu?" msimamizi aliuliza. Mimi nikainama nikaanza kutoa tope kwenye ndala. Tope lenyewe lilikuwa dogo tu. Akauliza mara ya pili, na jirani yangu akacheka kidogo, akidhani sikusikia. "Dada," alisema, "wanakuuliza wewe."

Niliendelea kukwangua tope. Sikuinua uso. Nilisikia tu kicheko chake kikiisha.

Wakampeleka mkiani. Saa zake wakazigawa, na mbili nikapewa mimi. Nilizipokea. Ningeweza kusema nililazimishwa, lakini hakuna aliyenishika mkono. Nilifungua mfereji mwenyewe, kwa jembe langu, na maji yale yaliingia kwenye majaruba yangu vizuri kuliko mwaka wowote.

Yeye alianza kubeba ndoo. Ekari moja kwa ndoo ni wazimu, na alijua, lakini alibeba. Kila asubuhi njia yake ilipita ukingoni mwa shamba langu, na kila asubuhi aliniambia, "Umeamkaje, dada." Angenitukana ningepona. Angenitemea mate ningejua la kujibu, kelele ndiyo kazi yangu. Salamu ile ilinichoma kuliko jua la bonde letu la Eyasi. Vitunguu vyake vilitoka kama gololi, wanunuzi wa malori wakavitazama bila kushuka garini. Yule kijana hakwenda sekondari ya bweni. Kabla msimu haujaisha walifunga mizigo, nikasikia wamepanda juu kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya Karatu.

Mwaka jana, Jumapili moja, nilimfuata. Niliuliza kambi ya vibarua, nikaonyeshwa. Nilibeba sukari na maharage, kama mtu anayekwenda kumwona mzazi. Alinikaribisha. Aliifuta stuli kwa kanga, akachemsha chai. Alikuwa amekonda, ila macho yalikuwa yale yale.

Nilimwambia yote: pikipiki, maneno ya msimamizi, saa mbili nilizochukua. Nikamwambia, "Niliogopa, mdogo wangu. Nisamehe."

"Kwamba uliogopa nilijua palepale," alisema. "Ila ungeniambia jioni ile. Miche ilikuwa mizuri, ningemwuzia mtu ikiwa bado kijani shambani, tungeondoka na chochote."

Miaka yote nilijilaumu kwa kunyamaza kikaoni, kumbe pale kikaoni nilikuwa nimeshachelewa. Nililia, nasema wazi, mtu mzima na kamasi zangu, na yeye akasubiri nimalize.

Halafu akaniambia na yeye amechukua kadi ya chama changu. Niliruka. Nikamwuliza ni nani tena anayemsumbua, ni mnyapara? Niko tayari kwenda kumwona sasa hivi! Hasira zilirudi, na kwa kweli zilinifariji kidogo.

"Kaa chini, dada. Hapa hakuna anayeuliza mambo ya chama."

"Sasa kwa nini?"

Mlangoni wanawake wawili anaokaa nao walikuwa wanachambua mchicha, wanabishana, wanacheka. Aliwatazama kabla ya kunijibu.

"Wale ni majirani zangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nawapenda. Sitaki siku moja waulizwe kuhusu mimi, halafu washindwe kusema."