Neno Moja la Telegramu

Dalmas Odero alikuwa mpimaji wa magunia kwenye kinu cha unga mjini Nakuru, na mwaka 1956 alikuwa mmoja wa wachache pale waliojua kuandika Kiingereza. Jumatatu moja akaletewa telegramu kutoka kwao, upande wa Kisumu. Mama yake amefariki, aje.

Siku hiyo hakuweza kuondoka. Kiptanui, wa kumshikia zamu, alikuwa likizoni hadi Alhamisi. Odero akaenda posta, akajibu kwa maneno machache: WAIT FOR ME MUST WORK BY THURSDAY. Alitaka kusema yuko kazini mpaka Alhamisi, wamngoje.

Alipofika Ijumaa asubuhi, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka. Kaka yake, Ogola, alimtazama viatu, si uso.

"Tulikungoja Jumanne. Jumatano pia, mpaka jua likaelekea kuzama. Mwalimu alisema Alhamisi lazima uwe umerudi kazini. Tukajua huji tena."

Mwalimu Jowi, aliyewasomea telegramu ile, aliitwa. Alizungumza polepole, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, ukiandika *by Thursday*, maana yake Alhamisi isikupite kabla jambo halijatimia. Hata Jumanne ni sawa. *Until Thursday* ndiyo unaendelea, unaendelea, mpaka siku hiyo ifike uache. Ungeandika *until*, tungengoja."

"Nimeelewa," Odero akasema.

Alikuwa ameelewa kweli, kama mtu anavyoelewa bei ya chumvi. Shangazi yake Akeyo akamletea uji, akaumaliza, asijue kama ulikuwa na sukari. Watu walingoja alie. Akaenda kaburini, akaokota kijiti kilichoanguka juu yake, akakitupa kando. Halafu hakujua afanye nini na mikono.

Jumapili jioni alikuwa amerudi Nakuru. Mkewe, Eucabeth, aliyebaki kwa kuwa alikuwa mja mzito, akamuuliza walivyozika. Odero akamweleza yote, hata yale maneno mawili ya Kiingereza, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

"Na wewe ukamjibu nini mwalimu?"

"Kwamba nimeelewa."

Eucabeth akajifunika uso kwa leso, akamlilia mama mkwe wake kwa sauti. Odero akavuta kigoda, akaketi karibu naye. Akamshika bega na kusikiliza kilio kile mpaka kikaisha, kisha akainuka kuwasha jiko.