Kidude Kilichodhaniwa Televisheni

Miezi mitano baada ya kumzika mama, redio moja ya Kikamba ilitangaza kwamba Jumapili saa tisa ingerudia wimbo wa kwaya ya akina mama wa kanisa letu la Tawa. Mama ndiye aliyekuwa akiwaanzishia nyimbo. Hatukuwa na sauti yake popote pengine, nami nikamwahidi baba kwamba ningeunasa.

Nilitoka mjini Wote, ninakoishi, nikaenda kwa baba na kompyuta yangu ya mfumo wa Linux na kidude kinachochomekwa ubavuni mwake na kuifanya iwe redio inayorekodi. Kwangu kilikuwa kikifanya kazi vizuri. Kisha usiku wa kuamkia safari nikasasisha mfumo, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi.

Saa tisa kasorobo nilichomeka. Kompyuta ilikiona kidude, ikakitaja hata kwa jina, kisha ikasema kinatumiwa na mwingine. Mwingine nani? Sebuleni tulikuwa wawili.

"Hiyo kitu imekataa?" baba aliuliza.

"Haijakataa, baba. Inafikiria."

"Basi wacha tuiombee."

Kwetu kazi ikikwama huombewa, na baba ni mzee wa kanisa. Akiomba, hakuna anayegusa kitu. Alishukuru kwa mvua, akawaombea wagonjwa wa Tawa, akafika hadi serikalini. Saa nayo haikufumba macho. Nikafumbua jicho moja, nikapekua orodha ya draiva, zile programu zinazoendesha vifaa, nikampata mhalifu: draiva ya televisheni ilikuwa imekidaka kidude ikidhani ni cha kutazamia TV. Nikaifukuza kwa amri moja, nikibonyeza polepole kama mtu anayeiba mayai. Kidude kikaitika kabla ya "Amina". Baba alipokea sifa kwa niaba ya Mungu.

Wimbo tuliunasa wote. Baba akataka tuusikilize tena, sauti juu. Ulikuwa safi kabisa. Mama alianzisha, wenzake wakaitikia, na baada ya ubeti wa kwanza akageuka kando na kukohoa mara tatu. Kikohozi kile tulikijua tangu siku zake za mwisho. Lakini wimbo ulirekodiwa mwaka mzima kabla hajatuambia kwamba anaumwa, na ulipopigwa mara ya kwanza tuliusikiliza pamoja naye hapo hapo sebuleni, kwa redio mbovu ya baba, tusikisikie kikohozi, tukampigia makofi. Nilimkasirikia mama, kisha nikaona aibu.

Baba alisogeza kiti karibu na kompyuta.

"Rudisha."

"Wimbo wote?"

"Aiee. Hapo penye anakohoa."