Upande wa Pili wa Kaseti

Tangu juzi nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Tulikuwa kituo cha kupimia majani chai, Mogogosiek, tukingoja lori. Otieno wa kiwandani akasema albamu ya kwanza ya wale marapa wa Amerika ninaowapenda haifai kuitwa klasiki. Nilimfokea. Nikamwambia upande wa pili ndio moto, mimi nausikiza kila siku, yeye hajui muziki. Ukweli ni kwamba sijawahi kuigeuza kaseti yangu ya albamu hiyo. Nikaitoa mfukoni, nikaichomeka upande wa pili kwenye redio yake, nikaongeza sauti ili wakulima wote wasikie. Ikatoka kwaya ya kanisa letu ikifanya mazoezi, kisha sauti ya mama yangu: “Rekodini tu upande huu. Kiprono hausikizangi.”