Mawe Niliyoyatia Chini ya Gari

Mume wangu ana wake wawili: mimi na gari. Mke mwenzangu huyo ni mwekundu, wa zamani, wa viti viwili, na mume wangu aliachiwa na mzungu aliyekuwa akimfanyia kazi Diani. Wiki ile alikuwa amekaa uani kwetu Msambweni, ameziba njia ya jikoni.

Asubuhi moja mume wangu alitaka kubadilisha oili. Aliweka ubao mpana mchangani, jeki juu yake, akazuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao. Ni mtu mwangalifu, sitamsingizia. Akalipandisha gari upande wa mbele, kisha akasimama.

"Leo siingii chini yake," akasema. "Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Jumamosi nitakwenda Kona ya Musa nitafute stendi za chuma za kulishikilia gari."

Jumamosi! Na mimi namtarajia mama yangu kutoka Kinango leo hii, atapita wapi? Nikakwenda nyuma ya nyumba, nikayabeba moja moja mawe ya matumbawe yaliyobaki tulipojenga jiko. "Haya yanabeba nyumba nzima," nikamwambia, "yatashindwa na kigari?" Akayatazama mawe, akanitazama mimi. Nikamwambia kama anaogopa aseme tu, niingie mimi. Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu mwenyewe.

Akayapanga mawe kila upande, akalishusha gari juu yake, akaiondoa jeki. Akalala chali akaingia, ikabaki miguu tu nje.

Punde mama akapiga hodi. Kwetu mkwe haamkiwi kwa nyayo. Nikamwita mume wangu atoke.

"Dakika moja. Imebaki nati moja tu."

Mama amesimama juani na kikapu kichwani, anaitazama ile miguu. Aibu ilinishika, na mimi nikishikwa na aibu hukasirika. Nikampiga teke unyayoni. "Nati na mama yangu, nani mkubwa?"

Nikamsikia akicheka mle ndani. Akajiburura akatoka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwa..."

Hakumaliza. Jiwe lililia kra, kama biskuti kavu, likamomonyoka, na gari likashuka kwa kishindo. Vumbi jeupe likatutanda sote watatu. Lilipotulia nikaiona kofia ya mume wangu, ukingo tu, umechomoza chini ya chuma pale kilipokuwa kichwa chake.

Lahaula! Nikaketi mchangani, nikawa namtazama kifua, kinapanda, kinashuka, kinapanda. Sikuyaamini macho yangu. Yupo pale, mzima, na mimi naona kama nimeshamzika.

Mama akatua kikapu chini. "Nani aliyeweka mawe haya?"

Hasira za mama yangu nazijua, ndizo nilizozirithi. Nikafungua kinywa nijibu.

"Ni mimi, mama," akasema mume wangu.

Basi akasemwa! Mtu mzima hana akili, anataka kuniachia mimi ujane kwa ajili ya kigari, hata mtoto anajua jiwe la matumbawe lina matundu. Alisemwa mpaka adhana ya adhuhuri. Yeye ameinamisha kichwa tu, "Ndiyo, mama. Nisamehe, mama," na mikono ameificha nyuma. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, nikaiona mmoja umeukaba mwingine.

Stendi za chuma zipo sasa, nne. Kila akilipandisha gari hulisukuma kwanza kwa mikono miwili aone kama litayumba, na huvingirisha gurudumu la akiba akalilaza chini ya ubavu wa gari, limkinge likishuka. Simharakishi tena.

Mama akija bado humwuliza kama amepata akili. Mume wangu hucheka, husema bado anaitafuta. Na mimi niliyeyabeba mawe, miaka yote hii, humimina chai.