Makala ya Pili ya Bi Fukusi

Mimi sina subira, na wanaonijua wanajua. Mteja akichelewa saluni kwangu, kiti nampa mwingine, lawama tutagawana baadaye. Mdogo wangu ndiye aliyechukua subira ya wawili, yake na yangu. Miaka yote ya kusomea udaktari, ule wa chuo kikuu si wa hospitali, alifuga fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, kwenye chupa za jamu ndani ya stoo yangu. Alikuwa akitafuta majani makavu yanayoweza kuwafukuza. Wateja wakambatiza Bi Fukusi. Siku moja chupa iliachwa wazi, nikakuta wageni kwenye unga wangu. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Yeye akaniuliza, "Dada, wameingia wangapi? Usiwaue kwanza, niwahesabu." Nikacheka huku nina hasira, na hakuna kitu kinachoudhi kama hicho.

Basi, joho akavaa, tukala, tukacheza. Nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza kumekucha! Pale chuoni alikuwa anafundisha kwa mkataba wa muda. Ili aajiriwe moja kwa moja, lazima awe na makala mbili zilizokubaliwa na majarida ya kitaaluma kabla mkataba haujaisha. Moja alikuwa nayo. Ya pili, ile ya majani, alishaiandika akamkabidhi profesa aliyemsimamia, kwa sababu jina la profesa nalo limo. Bila ruhusa yake haiendi popote. Na mzee yule husoma kwenye karatasi tu, kalamu mkononi.

Ikakaa. Mvua zikaja, zikaondoka, makala imekaa.

"Umemwuliza?" nikamwambia.

"Dada, yule ni mwalimu wangu. Nitamsimamiaje mtu mzima mlangoni?"

"Mkumbushe tu, jamani."

"Akimaliza ataniita."

Walikuwa wakipishana kwenye korido. Yeye anatoa shikamoo, mzee anaitikia marahaba, anamtazama kidogo kama ana neno, halafu anapita. Mdogo wangu anarudi nyumbani na tafsiri yake: makala ni mbovu, mzee anaona haya kumwambia. Mkataba nao ukawa unakaribia ukingoni. Jioni moja, huku akinisaidia kufagia nywele sakafuni, akaniambia kuna kampuni inamtaka akauze dawa za wadudu, na kesho kutwa anasaini.

"Mimi kuandika sikujaliwa, Dada," akasema, bila kuniangalia.

Iliniuma. Huyu nimembeba mgongoni kabla hajaota meno, namjua anapodanganya.

"Kesho tunakwenda wote kwa profesa wako," nikamwambia. "Usipouliza wewe nitauliza mimi, na unajua mimi ninavyouliza."

Hapo ndipo alipoogopa kikwelikweli. Asubuhi sijatia mguu kwenye kiatu, mwenzangu keshatoka mbio, peke yake.

Alivyonisimulia, hata salamu hazijakwisha mzee alinyoosha mkono juu ya kabati akaishusha makala. Vumbi juu, na pembeni mwa kila ukurasa maandishi ya kalamu.

"Mbona nilimaliza zamani," mzee akasema. "Nikajua mwenye kazi ataifuata. Sisi enzi zetu tulikuwa tunafuata. Nikaona huji, nikajua umeshachoka na mambo haya, sikutaka kukulazimisha."

"Nami nilikuwa nasubiri uniite, Mwalimu."

Heshima, jamani! Heshima nusura immalize mtoto wa watu. Huyu anamstahi yule, yule anamstahi huyu, na kazi inakula vumbi juu ya kabati!

Mzee akavua miwani. "Basi tumekosa wote. Kaa." Akaondoa vitabu kwenye kiti, wakaanza ukurasa wa kwanza. Kwenye hitimisho akamsimamisha. "Humu umeomba radhi mno. Majani yamewafukuza wadudu au hayakuwafukuza?"

"Yamewafukuza."

"Basi sema hivyo."

Wiki hiyohiyo makala ikatumwa, na ile kampuni ya dawa ikaambiwa asante. Jarida likairudisha na maswali ya wasomaji wawili waliopewa kuikagua. Mmoja alikuwa mkali kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Zamani mdogo wangu angejifungia chumbani siku nzima. Safari hii alibeba maswali yake mpaka kwa mzee, wakajibu moja baada ya jingine, wakarudisha. Kilichobaki kikawa kungoja, na mkataba ulikuwa umebakiza siku za kuhesabika. Kula kulinishinda, utadhani niliandika mimi.

Jibu lilimkuta saluni, nikiwa nimefika nusu ya kichwa cha mteja. Alisoma simu, akakaa sakafuni palepale.

"Wameikubali."

Nilipiga ukelele! Mteja na nusu ya kichwa chake akapiga vigelegele, kisha ndipo akauliza, "Kwani nani anaolewa?"

"Fukusi!" nikamjibu, machozi yananitoka, na wala sikuyaficha.

Mdogo wangu alikuwa anapiga simu tayari. Kwa haraka yake akabonyeza spika, tukasikia wote.

"Shikamoo, Mwalimu. Imekubaliwa."

Nikasikia mzee anavuta pumzi ndefu.

"Marahaba," akasema. "Hongera sana, daktari mwenzangu. Kazi umeipata. Na makala ya tatu iko wapi?"

Mdogo wangu akajifuta pua kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Naileta kesho, Mwalimu. Hata usiponiita, nakuja."