Sharti la Shamba la Irineo

Programu ya kupangia malori ya maziwa ya ushirika wetu hapa Uruguay iliandikwa na Nilda Etcheverry peke yake, kwa miaka thelathini. Kabla hajastaafu niliombwa nimsaidie kuirahisisha. Sehemu moja ilikuwa na masharti mia mbili; inayosomeka vizuri haizidi kumi.

"Dada Nilda, humu hata nyoka atapotea."

"Ulikuwa wapi nikiupanda msitu huu? Kata tu."

Tulifuta hadi tukafikia sharti hili: ikiwa ni shamba la Irineo, lori lipite mwisho.

"Irineo ni kaka yangu. Alikamua kwa mkono mmoja, akichelewa kumaliza," alisema.

"Tuliache?"

"Alishakufa. Atakayesoma baadaye atahangaika bure kumtafuta."

Akalifuta mwenyewe. Hesabu ya masharti ikashuka kwa moja tu, naye akaenda kuosha uso.